Namna za Kuua Gitaa

Mama Chibalonza alijifunza historia ya muziki wa roki akiwa amevaa glavu za mpira, na mwalimu wake akiwa uchi wa mnyama. Mwalimu huyo alikuwa Mzee Noel, mwenye umri wa miaka themanini na moja, chumba namba kumi na nne, katika nyumba ya wazee isiyo mbali na stesheni ya Mount Druitt. Kila asubuhi saa moja Chibalonza alimkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, akafungua maji, akapima joto lake kwa kiwiko, na Mzee Noel akaanza kufundisha. Hakuwahi kuuliza kama mwanafunzi anataka kusoma.

Ujana wake wote, na sehemu kubwa ya uzee wake, Noel alikuwa mbeba spika. Alizunguka baa za magharibi mwa Sydney na gari bovu, akibeba vyombo vya bendi ambazo leo hata mama zao hawazikumbuki. Katika matukio makubwa ya roki hakuhudhuria hata moja. Lakini aliyajua yote kama mtu anavyojua njia ya chooni kwake, na ukimwuliza aliyajuaje, alikujibu kwamba hata siku Yesu anazaliwa, walioshuhudia walikuwa wachache na ng'ombe. Chibalonza, ambaye ni shemasi wa kanisa, alitaka kumkemea kwa maneno hayo, ila alikuwa ameshika mgongo uliojaa sabuni, na mtu hawezi kugombana na mgongo.

Basi akasikiliza. Akasikia habari za vijana wanne wa Uingereza ambao mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa, katika baridi ya Januari, walipanda juu ya paa la ofisi yao katikati ya London wakapiga muziki mpaka polisi wakaja kwa sababu majirani wamelalamikia kelele. Hiyo aliielewa bila kufafanuliwa, maana kanisa lake lilikwisha kupokea barua tatu za namna hiyo. Akasikia habari za mwimbaji aliyerushiwa popo jukwaani kule Amerika, akamng'ata kichwa akidhani ni mwanasesere. Akasikia habari za yule mzaliwa wa Unguja aliyesimama mbele ya watu zaidi ya elfu sabini pale London, mwaka themanini na tano, akawaimbisha kama watoto wa chekechea, na wote wakaitika. Huyo Chibalonza alimdai papo hapo kuwa ni ndugu. Kutoka kwao Bukavu, Kongo, hadi Unguja ni nchi nzima na ziwa na bahari juu yake, lakini ukiwa Mount Druitt, mtu wa Unguja ni jirani.

Siku moja redio ya chumbani ilikuwa inapiga muziki wa zamani, na Chibalonza, akitandika kitanda, akasema kana kwamba anajisemea kwamba yule mpiga gitaa, waya wake mmoja umelegea. Mzee Noel akazima redio. Akamwomba arudie alichosema. Kisha akamwambia avute kasha lililo chini ya kitanda.

Ndani yake kulikuwa na gitaa la umeme, jekundu, lenye mikwaruzo kila mahali, pamoja na spika yake ndogo. Chibalonza hakuwahi kushika gitaa. Kule alikokulia gitaa lilikuwa mali ya wanaume. Wanawake walikuwa na koo za kuimbia, na viuno vya kuchezea, na mikono ya kufulia sare za kwaya. Mzee Noel alimpa gitaa mkononi akamwonyesha mahali pa kuweka vidole vitatu, na tangu siku hiyo, kila zamu yake ilipoisha, Chibalonza alibaki nusu saa. Miezi minane alibaki. Alijua funguo tatu, yaani mishiko mitatu ya vidole kwenye nyaya, na hizo tatu alizijua sawasawa.

Noel akafa mwezi wa Novemba, akiwa amelala, jambo ambalo yeye mwenyewe angeliona ni aibu kwa mtu wa roki. Mazishi yalikuwa makaburi ya Rookwood, watu sita, mmoja wao Chibalonza. Baadaye mpwa wake mmoja alikuja na wosia. Uongozi wa nyumba ya wazee uliusoma mara mbili, maana wafanyakazi hawaruhusiwi kupokea zawadi hovyo, lakini maneno yalikuwa wazi: gitaa na spika ni vya Chibalonza, kwa sababu ana sikio.

Lazima ieleweke hilo lilimfanya nini. Miaka kumi na mmoja alikuwa Australia, na tangu siku ya kwanza alikuwa amepewa vitu. Alipewa mablanketi, sufuria, kochi lenye harufu ya mbwa, meza ya miguu mitatu, koti la mtu mnene. Alishukuru kwa kila kimoja, na moyoni alijua kila kimoja amepewa kwa sababu ni mkimbizi. Gitaa hili alipewa kwa sababu ana sikio. Alilia kwenye treni mpaka mama mmoja wa Kihindi akamhamia kiti cha jirani na kumpa tishu, na hakuweza kumweleza kwamba analia kwa furaha.

Sasa, kanisani kwao kuna desturi. Mtu akipata baraka, iwe kazi, mtoto au gari, haitumii mpaka ameitolea ushuhuda. Anasimama mbele Jumapili, anaeleza baraka imetoka wapi, anaeleza yote, hafichi kitu, halafu mchungaji anaiombea. Mwezi uliotangulia kijana mmoja alishuhudia gari lake kwa dakika arobaini, pamoja na ajali mbili za mwenye gari wa kwanza. Mwingine yeyote angepokea gitaa akanyamaza zake. Lakini Chibalonza ni mtu wa ushuhuda kamili, na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Alipanda madhabahuni na kasha lake begani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mzee Noel, akaeleza mzee alikuwa nani. Watu wakasema amina. Akaeleza jinsi alivyokuwa akifundishwa asubuhi bafuni. Amina zikapungua kidogo. Kisha, kwa kuwa desturi ni kutoficha, akataja baadhi ya mafunzo, na mwisho akafika kwa popo.

Amina zikaisha. Nusu ya waumini walitoka Kivu na nusu nyingine Burundi kupitia kambi za Tanzania, na huenda hawakubaliani juu ya namna ya kupika maharage, lakini juu ya mtu anayeng'ata kichwa cha popo hadharani hawana hata la kujadili.

Aliyesimama ni Mzee Gratien. Huyu ni mzee wa kanisa mwenye cheo cha mambo ya kufungua watu waliofungwa na mashetani, mtu wa Uvira, na hatoki nyumbani bila kichupa cha mafuta ya zeituni mfukoni. Si mtu mbaya. Ndiye aliyekesha siku tatu nyumbani kwa Chibalonza mumewe alipofariki, na ndiye anayewapeleka wagonjwa hospitali ya Liverpool, kitongoji cha huko huko Sydney, kwa gari lake bila kudai mafuta. Ila ana pua ya kunusa mashetani, na mwenye pua ya namna hiyo hakosi cha kunusa.

"Mama," akasema, "uyo mutu alikula popo?"

"Hapana, muzee. Ni mungine. Uyu alinielezea tu."

"Wakati anakuelezea, alikuwa anafurahi?"

Kila jicho likamgeukia. Chibalonza alikuwa madhabahuni, na madhabahuni hadanganyi. Akasema Noel alicheka sana, mpaka ikabidi ampe maji.

Mzee Gratien akalikaribia kasha, akaliinamia kama daktari. Lilibandikwa picha tele, jinsi makasha ya watu wale yalivyo: fuvu la kichwa lenye miwani ya jua, shetani mwekundu akipiga ngoma, na mwanamke ambaye nguo zake zilikuwa zimeishia njiani. Alifungua kichupa chake, akapaka mafuta kwenye pembe nne za kasha, akarudi kukaa.

Kamati ilikutana siku ya Jumatano, Chibalonza akiwa kazini. Uamuzi alipigiwa simu: gitaa litachomwa Jumamosi baada ya maombi, uani kwa kanisa, na atalileta yeye mwenyewe kwa mikono yake, ili kila mtu aone ameliachia kwa hiari. Asipolileta, atavua kitambaa cha ushemasi na atatoka kwaya ya akina mama.

Alimtafuta mchungaji Melchior, Mrundi mpole ambaye siku za juma huendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala, na ambaye katika maisha yake hajawahi kuamua ugomvi bila kuumwa tumbo. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, kwa huruma kabisa, "Mama, gitaa ni mbao. Kanisa ni watu." Ndugu zake wa damu wako Bukavu, wengine wako chini ya ardhi ya Bukavu, na hapa ukoo wake ni watu wale wale wa ukumbi wa kukodi. Nani atakuja kukesha naye siku nyingine ya msiba, shetani mwekundu mwenye ngoma?

Ijumaa aliingia duka la mitumba pale Mount Druitt akaona gitaa jingine, jeusi, bovu, la bei ya kuku. Akasimama mbele yake muda mrefu. Hili lingeungua vizuri tu, na nani angejua tofauti? Ila Mungu angejua, na isitoshe lilikuwa jeusi. Akatoka akaenda zake. Usiku ule alipiga funguo zake tatu gereji, spika ikiwa imezimwa, kisha akafuta vumbi kwenye nyaya kama mtu anayemwogesha maiti. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Jumamosi joto lilifika nyuzi thelathini na nane. Uani walikusanyika watu kama arobaini, na kwa kuwa kanisani kwao hata shetani hachomwi bila chakula, kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki chini ya turubai. Pipa la kuchomea nyama lilikuwa tayari na mkaa wake. Chibalonza akaleta gitaa bila kasha, akalikabidhi, akarudi nyuma akasimama na akina mama. Hakuna aliyemshika mkono.

Shida ya kwanza ilikuwa urefu. Pipa lilikuwa nusu pipa, na gitaa likatokeza nje shingo nzima, likaonekana kama mtu amelala kwenye beseni. Mzee Gratien alilijaribu mlalo na wima, mwishowe akalitoa akalilaza chini kwenye saruji. Shida ya pili ilikuwa upepo. Kila kiberiti kilizimika. Basi akapiga magoti mbele ya gitaa ili aukinge upepo kwa mwili wake, akiwa na shati lake la manjano la sikukuu lenye mikono mipana, akachukua chupa ya mafuta ya kuwashia mkaa akalinyunyizia kutoka juu mpaka chini. Kisha akainua mikono miwili, akaanza kuomba, na vidole vyake vikawa vinacheza hewani vikiuita moto wa Bwana ushuke.

Chibalonza akaziba mdomo kwa kitenge. Wenzake walidhani analia.

Maana picha hii alikuwa ameiona. Mzee Noel alimwigizia bafuni, kwa chupa ya shampuu, na ilibidi amkamate kwapa asianguke. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na saba, California, kwenye tamasha la Monterey, kijana mmoja aliyezidi wote kwa gitaa alilaza gitaa lake chini, akapiga magoti mbele yake, akalinyunyizia mafuta ya kiberiti cha gesi, akaliwasha, na akainua mikono akiuita moto upande kwa vidole. Watu wa roki wanalikumbuka tukio lile mpaka leo. Mzee Noel alikuwa amesema: kama dini ya roki ina ibada moja, ndiyo hiyo.

Na sasa mzee wa kanisa alikuwa anaiendesha, hatua kwa hatua, na shati lake la manjano.

"Muzee," akaita. "Ngoja kidogo. Mbele ya kuwasha, kuko kitu unapaswa kujua."

Akaeleza. Akaeleza mwaka, mahali, magoti, mafuta, vidole. Alieleza vizuri, kwa sababu alifundishwa vizuri. Mzee Gratien alimsikiliza bila kuinuka, kisha akawaambia watu kwamba wameona wenyewe, roho ya kile chombo imeshaanza kujitetea kwa kinywa cha dada yetu, na akaomba kiberiti kingine.

Hapo ndipo kichwa cha Jacky kilipotokeza juu ya uzio.

Jacky ni jirani, mama wa miaka sitini na kitu, mwenye mbwa mnene na fulana isiyo na mikono majira yote. Ndiye mwandishi wa zile barua tatu. Kwa miaka sita hakupenda ngoma zao, wala magari yao, wala harufu ya samaki wao, wala Pasaka yao iliyoanza saa kumi alfajiri. Bila shaka alikuja kulalamikia harufu ya mafuta. Lakini alipomwona mwanamume amepiga magoti kwenye saruji, mikono juu, gitaa limelowa mafuta mbele yake, uso wake ulibadilika ukawa wa mtoto siku ya Krismasi. Akasema kwa sauti kubwa kwamba haamini macho yake. Akasema sitini na saba, Monterey, hata shati wamelitafuta! Akainua mkono, akakunja vidole vya kati, akabakisha kidole cha shahada na cha mwisho vikisimama kama pembe, akaupungia kwa mzee wa kanisa.

Akina mama wakarudi nyuma hatua tatu.

Mchungaji Melchior alikuwa amesimama karibu na wali. Alikwenda kwenye uzio taratibu, akasalimia, akauliza kwa Kiingereza chake cha kazini kama mama anajua hiki wanachofanya ni nini. Jacky alipapasa simu yake, akatafuta, akamkabidhi. Mchungaji akaitazama picha ya yule kijana wa Monterey. Akamtazama Gratien. Akaitazama picha tena, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Muzee Gratien," akasema. "Inuka. Inuka polepole. Na mikono ishushe."

Simu ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni: kanisa zima lililokuja kumchoma shetani lilikuwa linatazama picha ya mzee wao akiwa, kwa kila kitu isipokuwa umri na nywele, kuhani wa yule yule shetani. Kuna waliosikitika. Kuna pia waliolazimika kugeukia turubai na kujifanya wanafunika sombe, mabega yakiwatikisika. Mzee Gratien aliangalia picha kwa muda mfupi tu. Akajifuta magoti. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Chibalonza alimwona akiona haya, na akamwonea huruma, ijapokuwa haikuwa nyingi.

Lakini uamuzi wa kamati ulikuwa pale pale, gitaa lazima lifike mwisho wake. Mtu akashauri livunjwe kwa nyundo. Wote wakamgeukia Chibalonza, naye akasema kwa masikitiko kwamba hilo lilikwisha kufanyika, mwaka sitini na nne, Uingereza. Kijana mmoja aligonga shingo ya gitaa kwenye dari fupi kwa bahati mbaya, watu wakamcheka, akakasirika akalipondaponda lililobaki, na watu wakapenda hivi kwamba akaendelea kuyavunja miaka na miaka. Jacky, kutoka juu ya uzio, alipotafsiriwa, akathibitisha kwa kichwa. Mama mmoja akauliza kuhusu kulilipua. Mwaka sitini na saba tena, akajibu Chibalonza. Ngoma zililipuliwa kwenye televisheni, na mwenzao mmoja akaunguzwa nywele. Je, likitupwa mto Nepean? Hapo Chibalonza hakuwa na hakika, lakini Jacky alisema watu wa roki wameshatupa mabwawani na madirishani kila kitu kinachopatikana hotelini, na kama kuna gitaa lililokosa kuogelea, ni kwa sahau tu. Basi lipelekwe duka la mitumba, akasema mwingine. Mchungaji mwenyewe akalipinga hilo: litanunuliwa na kijana asiye na kazi, na bendi huanza hivyo hivyo.

Samaki walikuwa wanapoa. Mchungaji Melchior akashika tumbo lake, akarudi kwenye uzio. Akamwuliza Jacky swali moja, naye Chibalonza akalitafsiri kwa wale wasiosikia Kiingereza: je, kuna jambo lolote ambalo watu hawa hawajawahi kulifanyia gitaa?

Jacky aliwaza. Aliwaza kwa heshima yote, akikuna kidevu, kama shahidi aliyeapishwa. Mwishowe akasema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia gitaa la namna ile likipigwa saa nne asubuhi, na mama wa makamo, ambaye hajalewa, katikati ya akina mama wengine waliovaa kitenge kimoja.

"Basi," akasema mchungaji. "Hivyo ndivyo tutakavyomwaibisha shetani."

Watu wakapiga makofi, wengi kwa sababu ya njaa. Mzee Gratien alikubali kwa sharti moja. Chombo kile kina nguvu, alisema, na nguvu lazima iwe na mlinzi. Yeye mwenyewe atakaa kando ya spika, na kitufe cha sauti atakishika yeye. Mchungaji akasema ni busara. Chibalonza akasema asante, akalichukua gitaa lake likinuka mafuta, akaenda kuliosha kwa kitambaa na sabuni ya vyombo.

Jumapili alisimama mstari wa mbele wa kwaya. Wenzake walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kidogo kuliko iliyohitajika. Jasho lilimshuka mgongoni ndani ya kitenge. Mzee Gratien alikuwa ameweka kiti chake karibu kabisa na spika, Biblia mapajani, kidole gumba na cha shahada kwenye kitufe, kama mtu anayepima chumvi.

Kwaya ikaanza pambio. Chibalonza akapiga ufunguo wa kwanza. Sauti ilitoka nene, tamu, yenye kutu kidogo, na watoto wote ukumbini wakageuza vichwa kwa pamoja. Mzee Gratien akapunguza kidogo. Chibalonza akabadilisha ufunguo. Mzee akapunguza tena. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alipunguza kwa upole, huku akiimba, kwa macho ya mtu anayekutakia mema. Walipofika kiitikio gitaa lilikuwa linanong'ona. Walipofika ubeti wa pili Chibalonza alisikia tu mkwaruzo mkavu wa kucha zake kwenye waya, basi.

Akaendelea kupiga, kwa mazoea. Aliyajua haya. Babake alimwambia aache shule kwa upole. Mumewe, Mungu amrehemu, alimwambia kwa upole asiongee mbele ya wageni. Yule mama wa ofisi ya wahamiaji alimwambia kwa upole kwamba kazi ya kuosha wazee ndiyo inayomfaa. Hakuna hata mmoja aliyewasha kiberiti. Gitaa hili lilikuwa limeepuka moto, nyundo, baruti na mto, na sasa lilikuwa linakufa kanisani, watu wakipiga makofi, kwa namna ambayo pale kwenye uzio hata Jacky hakuifikiria.

Akaacha kupiga. Akina mama wakaimba maneno mawili matatu zaidi, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, na mpiga ngoma akabaki peke yake mpaka naye akaona aibu. Miaka kumi na mmoja Chibalonza hakuwahi kumpinga mzee wa kanisa, hata alipopangiwa kupika Krismasi akiwa na homa kali. Sasa akamgeukia Mzee Gratien, na hakupandisha sauti.

"Muzee, toa mukono."

Mzee Gratien alimtazama mchungaji. Mchungaji Melchior alikuwa ameinamia Biblia yake, anatafuta mstari, na ilionekana ni mstari mgumu kupatikana. Akawatazama akina mama, nao walikuwa wanamtazama yeye, safu nzima ya kitenge kimoja, bila hata mmoja kupepesa. Akatazama kidole chake kwenye kitufe.

Akatoa mkono.

Chibalonza akainama, akakizungusha kitufe mwenyewe, akakipitisha pale kilipokuwa mwanzo, akakipitisha tena, mpaka vioo vya madirisha vikaanza kulia na mbwa wa Jacky akaitika ng'ambo ya uzio. Kisha akawaambia wenzake warudi mwanzo wa pambio, maana ubeti wa pili hakuna aliyeusikia.